Majina Nyuma ya Picha

Katika nyumba nyingi limo sanduku la picha, au mkebe wa biskuti, au bahasha iliyotiwa chini ya godoro. Siku ya matanga mkebe huo hufunguliwa, watoto hukusanyika, na mara husikika swali: "Huyu aliyesimama karibu na babu ni nani?" Ikiwa mwenye kujua amekwisha kufa, swali hilo halina jibu tena. Hata katika majumba ya makumbusho ya Ulaya zimo picha nyingi za watu wa Afrika ya Mashariki zenye jina la mpigaji au la kabila tu. Jina la mtu mwenyewe halimo.

Basi yafaa picha iandikwe nyuma yake, tena mapema. Lakini iko namna ya kuandika inayoleta hasara. Mtu hutwaa kalamu ya wino, huandika majina kwa haraka, kisha hupanga picha moja juu ya nyingine. Wino ambao haujakauka hushika picha iliyo chini, na jina la shangazi huonekana kinyumenyume juu ya uso wa bibi harusi. Doa la namna hiyo aghalabu halitoki.

Sababu imo katika karatasi. Picha za zamani, zile nyeusi na nyeupe, zilichapwa juu ya karatasi isiyo na plastiki, nayo huishika penseli vizuri. Tangu miaka ya 1970 ilienea karatasi iliyopakwa plastiki pande zote mbili, na picha nyingi za rangi ni za namna hiyo. Plastiki hainywi wino. Wino hukaa juu yake kama umande juu ya jani la mgomba. Mtu akipitisha kidole nyuma ya picha atatambua: ya zamani hukwaruza kidogo, ya plastiki huteleza.

Kwa picha ya zamani hakuna kinachoshinda kalamu ya risasi, yaani penseli, iliyo laini, yenye alama ya 2B au 4B. Haina cha kukauka, wala maandishi yake hayafifii kwa mwanga. Penseli ya kawaida ya shule, HB, ni ngumu zaidi. Mwandishi hulazimika kuikandamiza, na mstari hutokeza upande wa mbele. Biro ina kosa hilo hilo, tena wino wake ni wa mafuta. Kalamu nene za kuandikia maboksi ni mbaya kupita zote, kwa kuwa wino wake huweza kupenya hata usoni.

Juu ya plastiki penseli hiyo haishiki. Hapo hutumika penseli ya kuandikia kioo na plastiki, au kalamu ya ncha nyembamba yenye wino wa kudumu usioyeyuka majini. Ijaribiwe kwanza juu ya picha iliyoharibika: iandikwe, iachwe, kisha ipitishwe kidole. Uko wino unaoonekana mkavu, na kesho yake bado hupaka.

Mwandishi anawe mikono na kuikausha, alaze picha kifudifudi juu ya karatasi safi iliyo mezani, na kuandika pembeni, si nyuma ya nyuso za watu. Picha zilizoandikwa kwa wino ziachwe zimelala moja moja, maandishi juu, mpaka zikauke kabisa. Huko Lamu na Mombasa, na popote wakati wa masika, kungoja ni kurefu zaidi. Zikikauka, karatasi safi itiwe kati ya picha na picha, maana uso wa picha una utando wa gelatini, kitu kitokacho katika ngozi na mifupa ya wanyama, nao ukipata unyevu hunata.

Tena kuna mtego mmoja. Majina huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia kama watu wanavyoonekana kwa mbele. Picha ikipinduliwa, wa kushoto amekuwa wa kulia. Wengi wamekosea hapo, wakampa mjomba jina la shemeji yake. Afadhali kuyaandika kwanza kwenye kipande cha karatasi, picha ikiwa inatazamwa, ndipo yahamishwe.

Na jina liwe jina. "Mama Otieno" hutosha kijijini leo, lakini akina Otieno ni wengi, na baada ya miaka hamsini hakuna atakayejua ni yupi. Liandikwe jina lake mwenyewe, la baba yake, na mahali alipozaliwa. Mwaka usipojulikana, mzee aulizwe kama ilikuwa kabla ya mafuriko ya 1961 au baadaye. Jibu lake liandikwe hivyo hivyo, pamoja na jina lake yeye aliyelitoa. Penye shaka iwekwe alama ya kuuliza.

Maandishi ya zamani yasifutwe, hata yakiwa na makosa. Sahihisho liandikwe kando. Picha iliyochakaa isiandikwe kabisa, bali itiwe katika bahasha iliyokwisha kuandikwa ikiwa tupu. Na wino ukimwagika au kupaka, usisuguliwe kwa mate wala kwa mafuta ya taa: uguswe taratibu kwa karatasi kavu inyonyayo, kisha picha iachwe ikauke.