Kijani Si Ushahidi: Kumwandikia Wakala wa Akili Mnemba Maelezo ya Zana ya Afya ya Klasta

Msimbo wa zana inayokagua afya ya klasta ya Elasticsearch ni mfupi: unaita _cluster/health, unapokea jibu, unalirudisha. Kazi iko kwenye maelezo. Mhandisi wa zamu akiona rangi ya manjano anajua kama klasta hiyo ni ya majaribio au ya wateja, na anakumbuka nani aligusa nini jana. Wakala wa akili mnemba hana habari hizo. Ana maneno uliyomwekea tu, na pengo lolote humo atalijaza kwa kukisia.

Jina lisikupotezee muda: kagua_afya_ya_klasta linatosha. Epuka jina kama "hali", maana wakala mwenye zana nyingi mkononi ataita isiyohusika.

Rangi ndizo zinazohitaji wino. Kijani maana yake shadi zote (vipande vya faharasa), kuu na nakala, zimepata nodi. Manjano: shadi kuu zote zipo, ila kuna nakala isiyo na mahali. Nyekundu: angalau shadi kuu moja haina nodi, kwa hiyo sehemu ya data haifikiki. Usiishie hapo. Klasta yenye nodi moja, ikiwa na faharasa iliyopewa nakala moja kama ilivyo kawaida, itabaki manjano daima, kwa sababu Elasticsearch haiweki nakala kwenye nodi ileile yenye shadi yake kuu. Andika hivyo waziwazi, la sivyo wakala ataanza kutibu asiyeumwa.

Kijani nacho kina mtego. Diski ya nodi ikivuka kizingiti cha mwisho, ambacho kwa kawaida ni asilimia 95, Elasticsearch huzuia uandishi kwenye faharasa zenye shadi katika nodi hiyo. Shadi bado ziko mahali pake, kwa hiyo rangi inaweza kubaki kijani. Tuseme muuza duka analalamika kwamba bidhaa mpya hazionekani kwenye utafutaji, wakala anakagua, anaona kijani, anajibu kwamba mfumo ni mzima. Dawa ni sentensi moja: "Zana hii haipimi nafasi ya diski, kasi ya utafutaji, wala kama uandishi unaruhusiwa." Kwa maoni yangu sentensi hiyo ina thamani kubwa kuliko orodha nzima ya sehemu za jibu, ambazo wakala angeweza kuzisoma mwenyewe.

Vigezo vieleze kwa athari zake. Kigezo cha level kiachwe kwenye cluster. Thamani ya shards kwenye klasta kubwa huleta jibu refu mno linalojaza nafasi ya kufikiria ya modeli kabla haijafika kwenye jambo lenyewe. Wakala akitumia wait_for_status, ajue kwamba muda wa kungoja ni sekunde 30 usipoubadilisha, na kwamba timed_out ikiwa true maana yake ni kuwa hali iliyongojwa haikufikiwa ndani ya muda huo. Si kwamba klasta imekufa. Vivyo hivyo sehemu ya jibu iitwayo delayed_unassigned_shards: nodi ikiondoka, mfumo husubiri dakika moja kwa kawaida kabla ya kujenga nakala upya kwingine. Mwambie wakala asubiri, akague tena, ndipo aseme neno. Na kama klasta yako ni ya OpenSearch, iliyochipuka kutoka Elasticsearch mwaka 2021, sema hivyo. Rangi ni zilezile, lakini baadhi ya majina ya vigezo yamebadilika.

Sasa hatari yenyewe. Usiandike popote kwamba lengo ni kurudisha kijani. Faharasa nyekundu ikifutwa, klasta inaweza kugeuka kijani. Amri ya allocate_empty_primary nayo huweka shadi kuu tupu mahali pa ile iliyopotea: rangi nzuri, data imekwenda. Wakala mtiifu aliyepewa rangi kama shabaha ataziona njia hizo. Andika: "Zana hii ni ya kutoa taarifa. Ukikuta shadi zisizo na nodi, ita _cluster/allocation/explain, eleza sababu, kisha mwachie binadamu uamuzi."

Maandishi peke yake hayamzuii mtu wala mashine. Akaunti ya wakala ipewe ruhusa ya monitor tu, inayotosha kusoma afya. Ukitumia MCP, itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, weka readOnlyHint, lakini kumbuka hicho ni kidokezo, si kufuli.

Kisha jaribu. Washa nodi moja kwenye kompyuta yako, tengeneza faharasa, muulize wakala kama kuna tatizo, na usome alichoita pamoja na alichojibu. Akipiga kelele kwa sababu ya manjano, rekebisha maelezo, si wakala. Halafu zima nodi kabisa na uulize tena. Hapa baadhi ya zana huharibu: muunganisho ukishindikana, zinarudisha "red". Zirudishe ujumbe wake wenyewe, kwamba klasta haikufikiwa na rangi yake haijulikani, ukiwa na anwani iliyojaribiwa, ili wakala aende kuangalia mtandao na nywila badala ya kutafuta shadi zilizopotea.