Barnaba, Mlezi wa Imani

Somo: Matendo 9:26-28, 11:22-26, 15:36-40



Kila watoto wabatizwapo, Kasisi huwauliza wasimamizi maswali, nao hujibu kwa sauti mbele yetu sote. Baadaye tunakula pilau pamoja na wazazi, kisha wengi wetu tulio wasimamizi hatuulizi tena habari za mtoto yule. Miaka ikipita anapokea Kipaimara, na baada ya majuma machache haonekani kanisani. Twasema, "Vijana wa siku hizi!" Lakini nani kati yetu alimfuata nyumbani? Natumtazame Barnaba.

1. Alimshika mkono aliyeogopwa. Sauli alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, wanafunzi walimwogopa, maana walijua alivyowatesa. Barnaba alimpeleka kwa mitume akamshuhudia. Tena, kazi ilipokua Antiokia, alisafiri mpaka Tarso kumtafuta, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Hakungoja aitwe, alimwendea.

2. Alikubali kupitwa. Katika safari yao ya kwanza Luka humtaja Barnaba mbele ya Sauli. Baada ya Kipro, mara nyingi humtaja Paulo kwanza. Hatusomi popote kwamba Barnaba alinung'unika. Mlezi mwema hufurahi mwanawe akimzidi.

3. Hakumtupa aliyeshindwa. Yohana Marko aliwaacha njiani huko Pamfilia. Paulo hakutaka kwenda naye tena, lakini Barnaba alimchukua wakaenda Kipro. Katika 2 Timotheo 4:11 Paulo mwenyewe aagiza Marko aletwe, kwa kuwa amfaa katika utumishi. Je, angalipatikana kama Barnaba naye angalimwacha?

Lakini tusidhani kwamba Barnaba hakuwa na kosa. Wagalatia 2:13 yatuonyesha kwamba naye aliyumba. Mlezi wa imani si malaika, wala hachukui nafasi ya Baba aliye mbinguni (Mathayo 23:9). Kazi yake ni kumwongoza mtoto kwa Baba huyo.

Kanisa letu lenyewe ni tunda la malezi ya namna hii. Mwaka 1864, huko Unguja, Askofu Tozer alikabidhiwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hawakuwa na baba wa kuwalea. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879.

Hata leo wamo kati yetu watoto ambao baba zao wamekufa, au wako mbali kutafuta riziki, au wamo nyumbani lakini hawasemi nao. Mama na bibi wanajitahidi, kama Eunike na Loisi walivyomlea Timotheo. Lakini wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Yatupasa kuungama kwamba tumewaachia mzigo huu peke yao. Si lazima tuwe na fedha wala elimu kubwa. Twaweza kumtembelea kijana mmoja, kumwita kwa jina lake, kuketi naye kanisani, na kumwombea kila siku.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Nani alikuwa Barnaba wako?
(b) Umesimamia ubatizo wa watoto wangapi? Wako wapi leo?
(c) Katika mtaa wetu, Marko ni nani, naye nani atamwendea juma hili?

Tuombe: Ee Baba, utusamehe ahadi tulizozisahau. Utupe moyo wa kuwatafuta watoto wako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.