Kubadilisha Beringi za Mota ya Mashine ya Malisho

Mota ya umeme inayoendesha mashine ya kukata malisho hubebwa na beringi mbili, moja upande wa puli na nyingine upande wa feni. Kapkatet, ambako ng'ombe wa maziwa hufugwa kando ya majani chai, kazi ya mashine hiyo huongezeka kati ya Januari na Machi, nepia inapopungua na mabua makavu ya mahindi kushika nafasi yake. Vumbi la mabua hupenya ndani ya beringi. Masika yakiingia, unyevu huongeza kutu, ndiyo maana ukaguzi hufaa kufanywa kabla mvua haijakolea.

Beringi iliyochakaa hukwaruza na kupata joto. Ili kuhakikisha, umeme hukatwa, mkanda huvuliwa na ekseli huzungushwa kwa mkono. Ikisita, au ikicheza inaposukumwa juu na chini, beringi imekwisha. Kungoja ni hasara: rota inayoyumba hukwangua chuma kinachoizunguka na inaweza kuunguza waya za shaba, ambazo kuzisuka upya hugharimu zaidi ya beringi mbili.

Mota nyingi za fezi moja zina kapasita, nayo huweza kubaki na umeme hata plagi ikichomolewa. Kabla ya kugusa waya wowote, ncha za kapasita huunganishwa na balbu ya waya ya volti 240 ili umeme huo uishe. Hatua hii isirukwe kamwe.

Vifuniko vya ncha hutiwa alama kabla ya kufunguliwa ili virudi pale pale. Washa nyembamba ya mawimbi iliyo nyuma ya beringi huhifadhiwa, na swichi iliyo kwenye ekseli isipigwe, kwani ikipinda mota huvuma bila kuanza. Beringi kuukuu hutolewa kwa kifaa cha kuvutia chenye miguu, si kwa patasi.

Namba ya beringi huandikwa ubavuni. 6204, kwa mfano, ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje cha 47 na unene wa 14. Herufi zinazofuata zina uzito wake: 2RS ni mpira pande zote mbili, ZZ ni bati. Palipo na vumbi la malisho, 2RS ndiyo bora. Ina girisi yake tayari, wala haiongezwi nyingine.

Kosa linaloua beringi mpya nyingi hutokea wakati wa kuivisha. Ekseli hubana pete ya ndani, kwa hiyo nguvu zote hupitia pete hiyo, kwa kipande cha bomba kinachoigusa yenyewe tu. Nyundo ikipiga pete ya nje, gololi huacha vishimo kwenye njia zake, na mlio hurudi baada ya muda mfupi. Kuipasha kwa moto wa jiko ili iingie kwa urahisi nako huyeyusha mpira na kuharibu girisi.

Mota iliyofungwa huendeshwa kwanza bila mkanda kwa dakika chache. Mkanda unaporudishwa, puli zote mbili hunyooshwa mstari mmoja, na mkanda hukazwa kiasi cha kudidimia kidogo ukibonyezwa katikati kwa kidole gumba. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huvuta ekseli upande mmoja na kuichosha beringi ya upande wa puli.