Ulimwacha nani nje ya studio?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 23, mimi ni Mdigo wa Likoni, na huimba kwenye harusi huku kwetu. Mwezi uliopita nilivuka feri nikarekodi kwenye studio ya kikweli kwa mara ya kwanza. Mjomba wangu, aliyenifundisha kuimba, alinisindikiza na chivoti yake, filimbi yetu ya mwanzi, ila alikaa nje kwa kuwa prodyuza ana biti tayari kwenye kompyuta. Nikavaa hedifoni, nikaimba na kurudia. Kila nikisikiliza, sauti ni nyembamba, kama si yangu. Prodyuza akainyoosha kwa mashine. Wimbo sasa ni safi lakini siutaki. Je, sauti yangu haifai studio? Nitafute studio nyingine au niache muziki? – Mwimbaji, Likoni*

Marahaba, mwanangu. Wasomaji waniwie radhi, barua hii ilikuwa kurasa tatu nami nimeikata. Kurasa zote zilisimulia maiki, hedifoni na masponji ya ukutani. Mjomba alipata sentensi moja tu, tena iliyokimbilia kujitetea kwa "kwa kuwa". Nilipofika hapo niliacha kusoma, nikaanza upya.

Sauti yako haina ila. Mtu akiimba hujisikia kwa njia mbili: kupitia hewani, na kupitia mifupa ya kichwa chake mwenyewe. Ile ya mifupani ndiyo inayoinenepesha, na maiki haiipati. Kisha umezoea harusi, ambako vigelegele vinakuitikia. Chumba cha studio kimezibwa kisirudishe mwangwi. Ukienda studio nyingine utakuta yaleyale. Kuhusu haki zako: dai faili za kurekodi, kila sauti peke yake, andikianeni nani mtunzi, na wimbo usajiliwe kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Hayo yametosha.

Turudi kwa mjomba. Mzee amepanda feri na chivoti yake, amefika mlangoni, amekaa nje mpaka umemaliza. Nani alimwambia akae nje? Husemi. Prodyuza angemkataza, ungeniandikia kwa hasira, maana umemlalamikia kwa mengine yote. Mimi naona ulinyamaza. Ulimtazama mzee wako na kile kipande cha mwanzi mbele ya vijana wa kompyuta, ukaona haya. Ukaingia peke yako kuimba ulichofunzwa naye, kwa mwendo wa mashine, huku moyo wako uko mlangoni. Ungeimba vipi ukashiba?

Nitakukemea, kwa sababu nyinyi Wadigo mnajua mjomba ni nani. Wazee wenu walirithishana kupitia upande wa mama. Mtoto wa dada alikuwa mrithi wa mjomba wake. Wako amekurithisha angali hai, tena bila kukudai senti. Mtu anayemficha mlezi wake ili wageni wamheshimu hapati heshima yao, na ile aliyokuja nayo kutoka nyumbani inampungukia. Nimesoma barua nyingi za vijana wa Kisauni na Changamwe waliopata kazi mjini wakawa hawataki mama zao wafike kazini. Nyote mnaniuliza habari za kazi.

Hata Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakwenda kuokota wapigaji huko. Alisafiri na wenzake wa Unguja, akina Mbaruku na Budda Swedi. Hapa kwetu, wanabendi wa Them Mushrooms, waliorekodi "Jambo Bwana" mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiini chao kilikuwa ndugu wa nyumba moja. Watu hawa waliingia studio na masikio yaliyokwisha kuzoeana.

Najua, ukiwa na miaka 23 mbele ya mitambo ile, kuona haya ni rahisi. Sikuhesabu kuwa mtoto mbaya. Lakini kabla hujalipa studio yoyote, nenda kwa mjomba. Usianze na wimbo. Anza na ile siku, umwambie ulivyomtendea, umtake radhi, kisha umsikilize hata akikaa kimya.

Akikubali kurudi, panga kazi upya. Matundu ya chivoti yakishatobolewa yametobolewa. Haikazwi wala hailegezwi kama gitaa. Basi mjomba apulize kwanza, prodyuza aitafute sauti ya chivoti kwenye kompyuta, biti iifuate. Mwombe azime ule mdundo wa kuhesabu, mpige pamoja chumba kimoja, mkionana macho. Ukiimba, toa hedifoni sikio moja ujisikie mwenyewe. Prodyuza asiyetaka taabu hiyo, muage kwa adabu.

Na mjomba akikataa, usimbembeleze kwa pesa wala usimtume mama yako. Ana haki ya kukataa. Rekodi wimbo mwingine uliotunga mwenyewe, huo aliokufunza uwe wa harusini, mkiwa naye.