Somo: Mutoto Aliyechukuliwa kwa Ahadi za Uongo

Tuna desturi nzuri: mutoto anakwenda kukaa kwa shangazi mujini ili asome. Hiyo si mbaya. Lakini watu wengine wanajificha nyuma ya desturi hiyo. Wanaleta sukari na kitambaa, wanaahidi masomo, kisha mutoto anapelekwa mbali. Huko anatumika mchana na usiku pasipo mushahara, ao anabeba mifuko kwenye mashimo ya zahabu, ao wanaume wanalipa feza ili walale naye.

Hata mutoto akikubali, hata wazazi wakikubali, ni kosa. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 inasema kwamba kila mutu asiyefika miaka 18 ni mutoto, tena inakataza kumuuza.

Mbele ya kumutoa mutoto, ulizeni: Atasoma shule gani? Nyumba iko wapi? Tutamwona lini? Mutu wa kweli hatakasirika.

ALAMA ZA KUTAMBUA

1. Mutoto ni mugeni, hasomi, hajui mutaa anamokaa.
2. Ana vidonda vya zamani, ao amekonda, nao watoto wa nyumba wananenepa.
3. Munganga akimuuliza, mutu mwingine anajibu kwa ajili yake.
4. Anaogopa kurudi nyumbani.

MUFANYE NINI?

1. Musigombane na bwana wa nyumba. Atamuhamisha mutoto usiku.
2. Mwambieni munganga kwa siri. Yeye ataongea na mutoto peke yake.
3. Kama mutoto amelaliwa kwa nguvu, mumulete siku ile ile. Dawa ya kuzuia ukimwi inapaswa kuanza mbele ya saa 72, maana yake siku 3. Siku hizo zikipita, mumulete vilevile. Kuna matunzo mengine.
4. Pelekeni habari kwa ofisi ya Mambo ya Jamii, kwa polisi wanaolinda watoto, ao kwa tribunali ya watoto.
5. Musikubali feza wala mbuzi ili munyamaze. Mbuzi ataliwa siku moja, naye mwenye kosa atamutafuta mutoto mwingine.

Mutoto akirudi, musimucheke, musimuulize maneno yale kila siku. Hakujiuza mwenyewe. Mupeni chakula, mahali pa kulala, na nafasi shuleni.

MAULIZO

1. Kwa nini kukubali kwa mutoto hakuondoi kosa?
2. Dawa ya kuzuia ukimwi inapaswa kuanza mbele ya siku ngapi?
3. Je, katika mutaa wenu kuna mutoto mwenye alama hizi? Nani atamwambia munganga?