SOMO LA PIKIPIKI YENYE KUPATA MOTO KUPITA KIASI

Ninyi mnaolima mihogo, mahindi na maharagwe katika vijiji vya Fizi, mwajua ya kuwa mavuno yasiyofika sokoni si mali bado. Kule Misisi, penye machimbo ya zahabu, walaji ni wengi na wakulima ni wachache. Lakini njia ni ndefu. Mtu atokaye Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, hupanda milima mpaka Fizi, kisha hushika njia ya Lulimba mpaka Misisi. Siku hizi mzigo huchukuliwa na pikipiki, na nyingi ni za zamani. Pikipiki ikifa mlimani, samaki huoza, na mgonjwa anayepelekwa hospitali hulala njiani. Kwa hiyo somo hili ni la mkulima pia, wala si la fundi peke yake.

1. Kwa nini injini hupata moto

Esanse ikiwaka ndani ya silinda, yapata robo tu ya nguvu yake huzungusha gurudumu. Sehemu kubwa iliyobaki ni joto tupu, nalo ni lazima litoke. Lisipotoka, mafuta ya injini huwa mepesi mno, pistoni huvimba na kusagana na silinda, na mwisho hushikana nayo. Hapo kazi imekwisha. Silinda itachongwa upya na pistoni nyingine itanunuliwa, na gharama yake yaweza kula faida ya mavuno mazima.

2. Namna mbili za kupoza

Namna ya kwanza ni upepo. Tazama silinda: ina mapezi ya chuma kama mapezi ya samaki, nao upepo hupita katikati yake. Bajaj Boxer, TVS HLX na Yamaha AG100 ni za namna hii.

Namna ya pili ni maji. Pampu husukuma maji kuzunguka silinda, kisha maji huingia katika rejeta iliyo mbele, hupoa, na kurudi. Yamaha DT125R ni ya namna hii. Jua kwanza pikipiki yako ni ya namna gani, ndipo utafute ugonjwa wake.

3. Ishara za hatari

Nguvu hupungua mlimani. Injini hugonga kama nyundo ndogo. Harufu ya kuungua hutoka. Mvuke huonekana, au taa nyekundu huwaka kama ipo. Ukiona ishara moja, simama. Usiseme, “Nitafika kilele kile kwanza.” Wengi waliosema hivyo walirudi wakisukuma.

4. Ukisimama njiani

Kwanza, zima injini, utue mzigo, uweke pikipiki kivulini.

Pili, usimwagie injini maji baridi. Chungu kilichotoka motoni hupasuka kikitiwa maji baridi, na chuma cha silinda ni vivyo hivyo.

Tatu, usifungue kifuniko cha rejeta. Baraka iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 770 hivi, na maji katika sufuria huchemka huko kwa digrii 97 hivi. Fizi, juu mlimani, huchemka kwa digrii chache zaidi chini ya hapo. Lakini ndani ya rejeta maji yamebanwa na kifuniko, nayo hupita digrii 100 bila kuchemka. Ukifungua, yatachemka yote mara moja na kuruka usoni mwako. Mtu aweza kupofuka hivi.

Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika rejeta kwa kiganja bila kuumia. Kisha weka kitambaa kinene, zungusha kifuniko kidogo tu, acha mvuke utoke wote, ndipo ukiondoe. Ongeza maji polepole.

5. Kutafuta sababu

Anza na mambo yasiyotaka fedha.

Kwa pikipiki zote:
Tazama mafuta ya injini. Yakiwa machache, joto huzidi. Zile zenye kuchoma mafuta pamoja na esanse, kama AG100, zikikosa mafuta huharibika upesi sana.
Inua kila gurudumu na ulizungushe kwa mkono. Likikaa zito, breki yashika, na injini inapigana nayo siku nzima.
Tazama cheni. Ikiwa imekazwa mno, ilegeze kidogo.
Toa bujii. Rangi ya udongo wa kahawia ni njema. Nyeupe kama majivu yaonyesha joto kubwa. Mara nyingi esanse ni haba kuliko hewa. Safisha kabureta, na utazame kama hewa yaingia pembeni kwa ufa katika mpira wake.

Kwa pikipiki ya upepo:
Ondoa tope katika mapezi kwa kijiti na maji, injini ikiwa imepoa. Tope la masika likikauka juu ya silinda ni kama kumvika mtu blanketi saa sita mchana. Wala usifunge bidoni au magunia mahali panapozuia upepo.

Kwa pikipiki ya maji:
Tazama maji yamefika wapi. Yakipungua kila siku, tafuta mahali yanapotoka: mipira, vibano vyake, na tundu dogo chini ya pampu. Maji yakidondoka tunduni, kizuizi cha ndani ya pampu kimechakaa.
Safisha uso wa rejeta kwa maji ya taratibu, ukitoa majani na wadudu.
Tazama mpira wa kifuniko. Ukipasuka, maji huchemka mapema.
Kama ina feni, tazama kama yazunguka injini ikipata moto.
Jaribu themostati, ule mlango mdogo wa kuachilia maji. Itoe, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji baridi, isiguse chini, kisha pasha moto. Yapasa ifunguke kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, nunua nyingine.
Baada ya kujaza maji, acha injini iende kidogo kifuniko kikiwa wazi, ili hewa itoke. Mapovu yakikoma, jaza tena na ufunge. Yasipokoma kabisa, au mafuta yakigeuka kama chai ya maziwa, gasketi ya kichwa imekufa. Usiendelee, ipeleke kwa fundi.

6. Maji ya kutia

Maji ya ziwa yana chumvi za mawe nyingi kuliko maji ya mvua. Chumvi hizo hujenga ukoko ndani ya rejeta, kama ukoko wa birika. Kinga maji ya mvua katika chombo safi wakati wa masika, uyaweke. Yaliyo bora ni maji hayo pamoja na dawa ya rejeta, nusu kwa nusu.

Lakini dawa hiyo ni sumu, na utamu wake huwadanganya watoto na mbwa. Kunywa kidogo tu kwaweza kuua. Usiiweke katika chupa ya soda, wala usiimwage karibu na kisima au kijito. Mtoto akiinywa, mpeleke hospitali mara moja, hata akionekana mzima.

7. Kupanda mlima

Punguza mzigo. Tumia gia ndogo, usiilazimishe injini katika gia kubwa. Usishike klachi nusu nusu. Pumzika kabla ya mlima, si baada ya kuharibika.

Maswali

1. Kwa nini hatufungui rejeta yenye moto?
2. Bujii nyeupe yasema nini?
3. Maji gani yafaa zaidi, ya ziwa au ya mvua? Kwa nini?
4. Pikipiki yako yapozwa kwa upepo au kwa maji? Nenda ukaitazame leo, kabla ya siku ya soko.