Kijiko cha fedha au cha shaba?

SWALI: Navua sangara kwa fimbo Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Nina vijiko vya rangi ya fedha, dhahabu na shaba nyekundu. Kipi nikitupe lini?

JIBU: Tazama maji kwanza, jua baadaye. Maji ya ghuba, hasa baada ya mvua, huwa ya kijani au ya tope, nayo humeza mwanga wa buluu mapema. Unaosalia chini ni wa manjano-manjano. Kijiko cha dhahabu hurudisha huo huo uliopo, ndiyo maana ningekifunga asubuhi ya mawingu. Tope likizidi, jaribu shaba nyekundu.

Fedha ni ya maji maangavu. Humeta kama dagaa, naye dagaa ni chakula cha sangara. Ila ziwa likitulia na jua likawa la utosi, mng'ao huo waweza kumshtua samaki. Hapo hutumia shaba iliyofifia. (Usiisugue! Siku ukiutaka ung'avu wake, majivu na ndimu vinatosha.)

Baharini ni habari nyingine: chumvi huichafua shaba upesi, chukua kromu.

Ukiwa na pesa ya kimoja tu, nunua chenye fedha upande mmoja na dhahabu upande wa pili.